Jinsi ya kutengeneza uzi wa sola kwa nanochembe za dioksidi ya titani: mwongozo kamili kwa maabara za Lubumbashi

Wanafunzi na mafundi wengi wa Lubumbashi waliojaribu kutengeneza uzi unaozalisha umeme kutokana na mwanga wamekwama mahali pale pale. Multimita inaonyesha karibu nusu volti, picha inapigwa, na kesho yake uzi umekufa. Mara nyingi kilichotengenezwa hakikuwa seli ya jua hata kidogo, bali betri ndogo ya kemikali iliyokuwa ikila waya wake yenyewe, na volti ile ingeonekana hata usiku wa manane. Mwongozo huu unafuata njia inayoweza kukamilishwa katika maabara ya shule ya sekondari au ya chuo, ukieleza katika kila hatua kwa nini jambo linafanywa na ni dalili gani inayoonyesha kwamba limefanikiwa.

Kinachotengenezwa, na kiasi cha umeme cha kutarajia

Tunachukua waya mwembamba wa titani, tunaupaka nanochembe za dioksidi ya titani ambayo ni nusu-kipitishi, tunaupaka rangi ya ua la rozela, kisha tunauzungushia uzi wa kaboni na kuvitia vyote viwili katika mrija wenye elektroliti ya iodini, yaani kimiminika kinachopitisha chaji. Mwanga ukiipiga rangi, rangi inatoa elektroni na kuzikabidhi kwa dioksidi. Elektroni hizo hupita kutoka chembe hadi chembe mpaka kwenye waya wa titani, hutoka nje kwenye kifaa, hurudi kupitia kaboni, na iodidi iliyomo katika elektroliti huirudishia rangi kile ilichopoteza.

Dioksidi ya titani peke yake hunyonya mwanga wa urujuanimno tu, kwa sababu pengo lake la nishati, yaani nishati inayohitajika kuing'oa elektroni, ni takriban elektronivolti (eV) 3.2. Ndiyo maana inahitaji rangi, na ndiyo maana chembe zake lazima ziwe ndogo sana: chembe za nanomita 20 hivi zina eneo kubwa la kushikia rangi, ilhali chembe kubwa hushika rangi kidogo mno.

Uzi wa sentimita 5 uliotengenezwa vizuri kwa rangi ya rozela hutoa volti 0.3 hadi 0.5 na mkondo usiozidi sana miliampea 0.1 katika jua kali. Kwa kuwa volti na mkondo havifiki kilele kwa pamoja, nguvu yake ni takriban maikrowati 20. Kwa hesabu hiyo, kuchaji simu kwa wati 5 kungedai nyuzi 250,000, kwa hiyo atakayekuahidi shati la kuchaji simu kwa rangi ya rozela usimpe fedha zako. Maabara kubwa, kama zile za Chuo Kikuu cha Fudan huko Shanghai, zimefikia ufanisi wa karibu asilimia 10 kwa rangi za kiwandani na elektrodi bora. Lengo letu ni uzi unaofanya kazi kweli, unaopimika, na hatimaye nyuzi chache zinazoweza kuwasha kikokotoo.

Vifaa vinavyohitajika

- Waya wa titani wenye kipenyo cha milimita 0.25, vipande vya sentimita 9. Huuzwa na wauzaji wa vifaa vya kuchomelea na vya vito. Wengi huuagiza na kuupokea kupitia mpaka wa Kasumbalesa.
- Unga wa dioksidi ya titani wa nanochembe, gramu 2. Aina inayojulikana kama P25 ndiyo inayofaa zaidi.
- Siki nyeupe, na tone moja la sabuni ya maji isiyo na rangi.
- Maua ya rozela yaliyokaushwa, yale ya kutengenezea bisapu, gramu 10, na ethanoli ya asilimia 95, mililita 50.
- Iodini ya fuwele, iodidi ya potasiamu, na ethilini glikoli safi.
- Uzi wa kaboni mkavu, usiogandishwa kwa gundi.
- Mirija ya kapilari ya hematokriti (mirija myembamba ya kioo ya kupimia damu) isiyo na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yenye urefu wa milimita 75. Maabara za hospitali na zahanati huitumia kila siku. Ile yenye mstari mwekundu kwa kawaida ina heparini, iache.
- Gundi ya epoksi ya sehemu mbili, msasa laini, asetoni, maji yaliyokenekwa, kinu cha kauri na mchi wake, kibano, bomba la sindano lenye sindano nyembamba.
- Tanuru la maabara linalofika nyuzijoto 450, mizani inayosoma gramu 0.01, na multimita.
- Glavu, miwani ya kinga, na chumba chenye hewa inayopita.

Kuna vitu vinne ambavyo watu huviweka badala ya hivi, na vyote huharibu kazi.

Cha kwanza ni waya wa shaba. Katika mji huu shaba iko kila mahali, na mafundi wanaobobina mota watakupa mita kadhaa bila kusita. Lakini iodini hushambulia shaba na kuigeuza kuwa iodidi ya shaba. Wakati mashambulizi hayo yanaendelea, multimita husoma volti nzuri, na hiyo ndiyo volti iliyowafurahisha wengi. Shaba isiguse elektroliti, hata ncha ya klipu.

Cha pili ni unga mweupe wa kutengenezea rangi za ukuta. Ni dioksidi ya titani kweli, lakini chembe zake ni za nanomita 200 hadi 300 na mara nyingi ni za umbo la fuwele liitwalo rutili, si anatasi, umbo tunalolihitaji hapa. Cha tatu ni iodini ya kahawia ya kusafishia vidonda, ambayo imejaa maji na viungo vingine. Cha nne ni kipoza-injini cha magari: kina glikoli, ndiyo, lakini kina pia maji, rangi na dawa za kuzuia kutu.

Kuhusu maji yaliyokenekwa, ukinunua gereji eleza waziwazi unachotaka, kwa maana wapo wauzaji wanaoita tindikali ya betri kwa jina la maji ya betri.

Hatua ya 1: Kuandaa waya

Sugua waya kwa msasa laini kuanzia ncha hadi ncha, uoshe kwa sabuni na maji, kisha uufute kwa asetoni na mwishowe kwa ethanoli. Mafuta ya vidole yanatosha kuufanya utando ubanduke baadaye, kwa hiyo kuanzia hapa shika waya kwa kibano tu.

Weka waya katika tanuru kwenye nyuzijoto 450 kwa dakika 20. Joto hilo hujenga oksidi nyembamba inayozuia elektroni zisivuje kutoka kwenye waya na kurudi katika elektroliti. Waya uliofaulu hutoka ukiwa na mng'ao wa dhahabu, zambarau au samawati ulioenea sawasawa. Mabaka ya rangi tofauti yanaonyesha kwamba haukusafishwa vizuri, na ni afadhali kuurudia sasa kuliko kujuta baadaye.

Hatua ya 2: Kusaga uji wa nanochembe

Changanya siki sehemu 1 na maji yaliyokenekwa sehemu 9, upate tindikali dhaifu yenye pH ya karibu 3. Weka gramu 2 za unga katika kinu, kisha ongeza tindikali hiyo matone machache kwa wakati mmoja huku ukisaga kwa nguvu, mpaka utumie mililita 3. Kazi hii ichukue angalau nusu saa. Tindikali huzipa chembe chaji ya aina moja ili zisukumane badala ya kushikamana. Ukimimina yote mara moja, mabonge hujifungia ndani na hakuna mchi utakaoyafungua.

Baada ya hapo ongeza matone mengine ya tindikali mpaka uji uwe na uzito wa mtindi uliokorogwa, utie tone la sabuni, ukoroge polepole bila kufanya povu, na uuache utulie dakika 15.

Ili kujua kama umefaulu, chovya kipande cha kioo kisha ukitazame dhidi ya mwanga. Utando uwe laini, usio na punje. Ukiona punje, rudi kwenye kusaga.

Hatua ya 3: Kuchovya na kuchoma

Chovya sentimita 6 za waya katika uji, kisha uuvute juu polepole na kwa mwendo mmoja. Mkono ukisita, utando unafanya pete nene, na pete hiyo ndiyo itakayopasuka kwanza. Hakikisha ncha ya chini, pale waya ulipokatwa, imefunikwa kabisa: titani iliyo wazi ndani ya elektroliti ni tundu la kuvujisha umeme. Kausha kwenye nyuzijoto 100 kwa dakika 5, kisha chovya tena. Mara tatu zinatosha. Wengi hudhani utando mnene utanyonya mwanga zaidi, lakini juu ya waya mwembamba utando mnene hupasuka wakati wa kukauka, na ufa mmoja unatosha kuruhusu kaboni iguse titani.

Weka waya katika tanuru, pandisha joto polepole, nyuzijoto 5 hadi 10 kwa dakika, mpaka 450, na ulishikilie hapo dakika 30. Kisha uache upoe ndani ya tanuru.

Katikati ya safari utando utageuka kahawia kwa sababu sabuni inaungua, na mwisho utarudi kuwa mweupe. Weupe huo ndio dalili ya kwamba chembe zimeungana na zinaweza kupitisha elektroni. Delestaji ikikukuta katikati, usitupe kitu; ikiwa utando bado ni wa kahawia, anza joto upya umeme ukirudi. Chora mstari mwepesi kwa ukucha wenye glavu: utando mzuri haubanduki, ule mbovu hudondoka unga.

Usijaribu kuchoma juu ya makala ya mbabula. Joto lake halishikiki, hupanda kupita kiasi, na kwenye joto la juu mno anatasi hugeuka rutili, chembe huyeyukiana, na nafasi za kushikia rangi hupotea.

Hatua ya 4: Kutia rangi

Siku moja kabla, loweka rozela katika ethanoli ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, na uichuje vizuri. Usichemshe, kwa kuwa joto kali huvunja rangi hii. Usitumie chombo cha chuma, wala usiongeze magadi, kwa sababu rangi ya rozela hukaa nyekundu katika uchachu tu.

Waya utakaposhuka hadi nyuzijoto 60 au 80, utumbukize moja kwa moja katika rangi, mbali na moto wowote kwa kuwa ethanoli huwaka. Ujoto huo una sababu: utando ukipoa kabisa hewani hunyonya unyevu, na maji huchukua viti ambavyo rangi ilitakiwa kukalia. Kati ya Novemba na Machi, mvua zinaponyesha Lubumbashi karibu kila siku, kosa hili peke yake limeharibu nyuzi nyingi zilizotengenezwa kwa uangalifu. Anayeweza kusubiri kiangazi cha Mei hadi Septemba na asubiri. Acha waya humo gizani kwa saa 12 hadi 24.

Toa waya, usuuze kwa ethanoli safi, uukaushe. Ukifaulu, utando unakuwa zambarau iliyokolea na ethanoli ya kusuuzia haiubadilishi. Ukibaki waridi hafifu, ama unga ulikuwa wa rangi za ukuta, ama unyevu ulitangulia.

Hatua ya 5: Kuzungusha kaboni

Hapa ndipo nyuzi nyingi hufa, na hufa kimyakimya.

Kila unyoya wa kaboni una unene wa maikromita 7 hivi, na unapitisha umeme vizuri. Unyoya mmoja tu uliopenya katika ufa wa utando na kugusa titani unatosha kuunganisha chanya na hasi, na seli nzima husoma sifuri. Loweka uzi wa kaboni katika asetoni usiku kucha ili kuondoa mafuta ya kiwandani, ukaushe, kisha tenga fungu dogo la nyoya mia chache na ulisokote kidogo ili lisichanue.

Lizungushe juu ya waya wa rangi ukiacha milimita 1 hadi 2 kati ya mzunguko na mzunguko. Ukikaza zaidi, kaboni inatia kivuli juu ya rangi. Ukilegeza zaidi, iodini inakuwa na safari ndefu. Usivute kwa nguvu. Kaboni iishie milimita 5 kabla ya sehemu ya waya isiyopakwa, na mkia wake utoke upande ulio kinyume na mkia wa titani.

Kabla ya kuendelea, weka multimita kwenye kipimo cha ukinzani na uguse mikia miwili gizani. Inatakiwa isome megaomu au isisome kitu. Ikisoma omu chache au mia chache, fungua kaboni na uzungushe upya. Hakuna elektroliti itakayotibu mgusano huo.

Hatua ya 6: Kuandaa elektroliti

Katika mililita 10 za ethilini glikoli, yeyusha gramu 0.83 za iodidi ya potasiamu ukikoroga mpaka iishe, kisha ongeza gramu 0.13 za iodini. Utaratibu huo usigeuzwe, kwa kuwa iodini huyeyuka vizuri mahali ambapo iodidi imetangulia. Unapata kimiminika cha kahawia iliyoiva. Kihifadhi katika chupa nyeusi iliyofungwa sana.

Ethilini glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Isiwekwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, na isikae mahali ambapo mtoto au mbwa anaweza kuifikia. Mvuke wa iodini huwasha macho na koo, kwa hiyo madirisha yawe wazi.

Hatua ya 7: Kujaza na kuziba

Ingiza uzi katika mrija wa kapilari na uzibe mwisho mmoja kwa epoksi. Subiri ikauke kabisa, si nusu. Jaza elektroliti kwa sindano nyembamba ukianzia chini kwenda juu ili hewa isibaki. Povu lililokwama katikati huua sehemu yote iliyokaa ndani yake. Futa mdomo wa mrija kwa ethanoli, kisha uuzibe.

Sugua mkia wa titani kwa msasa mpaka chuma king'ae. Risasi ya kuchomelea haishiki titani, kwa hiyo bana waya kwa klipu au kwa kipande cha karatasi ya alumini, nje ya mrija. Titani ni upande hasi, kaboni ni upande chanya.

Mrija wa kioo haukunjiki, na wapo watakaouliza uzi gani huo usiokunjika. Kioo kinakuruhusu kuona povu, unyoya uliochanuka na rangi iliyobanduka. Ambaye hajafaulu ndani ya kioo hana sababu ya kukimbilia plastiki.

Hatua ya 8: Kupima, ukianza na giza

Funika uzi kwa karatasi ya alumini isiyogusa mikia, usubiri dakika 5, na upime volti. Isome karibu na sifuri. Ikiwa gizani unapata volti 0.2 au zaidi isiyoshuka, una betri: chuma fulani kinaliwa ndani ya mrija, na mara tisa kati ya kumi ni shaba.

Ondoa kifuniko katika jua la mchana. Volti ipande ndani ya sekunde chache hadi 0.3 au zaidi, na ishuke tena ukiweka kiganja. Kisha pima mkondo, ukikumbuka kuweka multimita kwenye maikroampea na si kwenye tundu la ampea 10, ambalo litasoma sifuri hata kama uzi ni mzima.

Volti peke yake haithibitishi kazi. Unganisha kikinza kinachobadilika cha kiloomu 10, ukizungushe, na uandike volti na mkondo katika nafasi kadhaa; zidisha, na jibu kubwa kuliko yote ndiyo nguvu ya uzi. Kwa nyuzi hizi kilele huwa kwenye kiloomu chache.

Ukitaka kutaja ufanisi, eneo ni kipenyo mara urefu uliomulikwa, si mzingo mara urefu. Kwa waya wa milimita 0.25 na sentimita 5, ni sentimita za mraba 0.125, na jua kali huleta miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba. Karatasi nyeupe nyuma ya uzi huongeza mkondo kwa kuakisi mwanga. Si vibaya kuitumia, ila itajwe.

Hatua ya 9: Uzi unaokunjika

Rudia hatua zote kwa kuchovya waya mara mbili tu, kisha tumia mrija laini wa serumu ulio mpya badala ya kioo. Kunja uzi polepole kuzunguka chupa ya nusu lita, unyooshe, upime mkondo, na urudie. Mkondo unaoshuka kidogo kidogo unaonyesha utando unaochakaa. Unaokatika ghafla hadi sifuri unaonyesha kaboni imegusa titani. Plastiki hiyo hunyonya iodini, kwa hiyo kahawia ya elektroliti itafifia baada ya siku kadhaa, na rangi ya rozela nayo hupauka juani. Uzi huu ni wa kujifunzia na kuonyeshea, si wa kuuza.

Zipo tando zinazovumilia mkunjo vizuri zaidi, hasa nanomirija inayooteshwa juu ya titani kwa umeme katika mchanganyiko wenye floraidi. Njia hiyo inaweza kuzaa tindikali ya hidrofloriki, inayopenya ngozi na kudhuru mifupa, na haifai kabisa kwa maabara isiyo na kabati la kuvutia hewa na dawa yake ya huduma ya kwanza. Siipendekezi kwa msomaji wa mwongozo huu.

Hatua ya 10: Kuwasha kikokotoo

Chagua nyuzi tano zinazokaribiana kwa mkondo, kwa maana katika mfululizo uzi dhaifu ndiyo unaowapimia wenzake wote. Unganisha titani ya mmoja na kaboni ya unaofuata. Utapata kati ya volti 1.5 na 2 juani, zinazotosha kikokotoo kidogo cha mfukoni ambacho hutumia maikroampea chache. Ondoa betri yake, angalia alama za chanya na hasi, na uunganishe. Tarakimu zikitokea na kufifia ukiweka kivuli, kazi imekamilika.

Mabaki ya elektroliti yasimwagwe mtaroni. Ongeza unga wa vitamini C kidogo kidogo mpaka kahawia ipotee, hapo iodini imegeuka iodidi. Glikoli iliyobaki bado ni sumu, iwekwe katika chombo chenye lebo na ikabidhiwe kwa maabara inayokusanya taka za kemikali.